Bi Futi na Nguzo ya Tano

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mpima Mkuu wa Idara ya Majengo ya Kale atakabidhi funguo zake, futi tatu za chuma na kikombe cha chai kisicho na mkono, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Jina lililoandikwa kwenye faili lake analijua karani wa masijala peke yake. Sisi wengine, kuanzia meya hadi fundi viatu wa kona ya posta, tunamwita Bi Futi, naye huitika.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ni mtunza michoro wa idara, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mshika ncha wake. Anayepima ana kazi ya kusoma na kuandika. Mshika ncha kazi yake ni kubana mwanzo wa futi ukutani na kunyamaza. La kwanza naliweza. La pili nimeliweza kupita kiasi, kama msomaji atakavyoona.

Alikuja idarani akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, akaajiriwa kunakili ramani kwa mkono. Alipewa meza, kiti na taa. Meza aliitumia. Kiti kilichukuliwa na watu wa uhasibu baada ya mwezi mmoja, maana hakuna aliyewahi kumwona amekikalia. Bi Futi hunywa chai amesimama, hula amesimama, na katika vikao huzunguka nyuma ya migongo yetu hadi mwenyekiti anasahau ajenda. Fundi viatu aliwahi kuniambia kwamba amebadilisha soli za Bi Futi mara nyingi kuliko za askari wote wa doria wa wilaya, na kwamba kisigino cha kulia ndicho huisha kwanza, kwa kuwa ndicho anachogeukia anapokumbuka kitu.

Wiki ile ya kwanza alipewa ramani ya Uwanja Mkuu ainakili. Kila mtu aliyesoma katika mji huu alifundishwa kuwa uwanja wetu ni mraba kamili. Bi Futi alinakili asubuhi, mchana akaenda na futi ya kuazima, na jioni akarudi kumwambia mkuu wake kwamba upande wa kaskazini umezidi wa kusini kwa hatua nne na nusu. Mkuu wake akamjibu kuwa watu wameutazama uwanja huo kwa zaidi ya miaka mia moja bila kulalamika. Bi Futi akasema labda kwa sababu waliutazama tu. Kesho yake akahamishiwa kitengo cha upimaji, na hadi leo haijulikani kama ilikuwa zawadi au adhabu.

Kwa faida ya wafanyakazi wapya, uwanja huo ndio sababu ya idara hii kuwepo. Hapo mwanzo palikuwa uwazi wa vumbi ambapo misafara ilisimama kunywesha wanyama. Maji yalifanya watu wakae, na watu walipokaa wakahitaji mizani. Ndiyo maana jengo la kwanza kabisa, lile la magharibi lenye milango mipana na madirisha madogo, ni Nyumba ya Mizani. Palipo na mizani pana ugomvi, kwa hiyo ikafuata Mahakama upande wa kaskazini, yenye ngazi tisa na kuta nene ambazo mtu akinyoosha mkono dirishani hafiki upande wa pili. Posta ilikuja mwisho, kusini, na haraka iliyotumika kuijenga inaonekana bado. Upande wa mashariki uko mstari wa maduka wenye baraza ya matao, nguzo kwa nguzo, kivuli kutwa. Hapo ndipo watu hukutana, huwapiga chenga wadai wao, na huposa. Hapo pia ndipo yalipotokea haya ninayotaka kuyasimulia.

Lakini kabla ya hapo, kabati. Mwaka juzi binti yake wa mwisho, ambaye ni muuguzi, alikuwa anaolewa, na seremala akaleta kabati la nguo lililo kubwa kuliko busara. Bi Futi alilitazama likiwa bado juu ya mkokoteni, akasema halitapita mlangoni. Limezidi kwa vidole viwili. Seremala akacheka, akasema kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake. Mume wa Bi Futi, ambaye ni fundi cherehani na anavaa futi yake ya kitambaa shingoni hata siku ya mapumziko, akamshauri seremala kwa upole akubali tu, maana yeye ameishi na mwanamke huyo na anajua mwisho wake. Kabati lilikaa nje siku mbili, kuku wakalala ndani yake. Lilipoingia hatimaye, liliingia vipande.

Basi watu husema Bi Futi hakosei. Husema hivyo kwa kumpenda, na yeye huchukia. Nilipomwendea mwezi uliopita kumwomba ruhusa ya kuandika maisha yake ya kazi, alinipa sharti moja: niandike na habari ya birika, yote, kama ilivyokuwa, la sivyo hatakanyaga ukumbini siku ya sherehe. Wanaomjua wanajua kuwa angetuacha kweli, na keki yetu.

Miaka kumi na minne iliyopita mji ulipandishwa hadhi kuwa jiji. Ikaamuliwa sherehe ifanyike Uwanja Mkuu, na jukwaa kubwa la vyuma lijengwe upande wa mashariki, mbele ya baraza, ili wageni wakae kivulini. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe Bi Futi alikuwa anapitia daftari la msimamizi aliyejenga baraza ile, daftari lililoliwa na mchwa kama mkate, akakuta mstari mmoja. Uliandikwa kwamba mbele ya nguzo ya tano na ya sita, kuhesabu kutoka kona ya Mahakama, pana birika la maji la zamani chini ya ardhi, limefunikwa kwa kuba, na juu yake pasiwekwe mzigo.

Jukwaa lilipangwa kusimama papo hapo, mbele ya nguzo ya tano na ya sita.

Akaandika dokezo kwa Mkurugenzi wa idara. Hakujibiwa. Akaandika la pili, likarudi na neno moja: Imepokelewa. Akaanza kwenda uwanjani kila siku, asubuhi na jioni, kugonga sakafu kwa kisigino na kusikiliza. Aliniburuta naye. Tulipima kutoka nguzo hadi nguzo, tukapima tena, tukahesabu moja hadi tano nami nikibana ncha, akasema twende tena. Siku zile nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani na mke asiyelala, na nilimwomba Mungu anipe mkuu wa kazi mvivu.

Alhamisi asubuhi winchi iliingia uwanjani, ile ya magurudumu kumi, imebeba nguzo za vyuma za jukwaa. Bi Futi akaenda akasimama mbele yake. Hakupiga kelele. Alisimama tu na daftari lake la mchwa kifuani, huku miguu yake ikihama hapa na pale kama mtu anayesubiri zamu ya choo. Dereva wa winchi akazima mashine, akashuka. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia wenzake hasogezi gurudumu.

Mkurugenzi aliitwa akaja amevimba. Nisimsingizie: alikuwa na meya nyuma yake na siku tatu mbele yake, na mtumishi wa chini yake amesimamisha kazi mbele ya umati. Wakabishana. Mwishowe, kwa kuwa dereva amekataa na hakuna winchi nyingine, Mkurugenzi akamwambia Bi Futi aonyeshe yeye mwenyewe jukwaa liwekwe wapi. Bi Futi akatoa chaki, akapima kutoka kwenye nguzo ya tano kurudi upande wa Mahakama, akachora mstari mweupe mbele ya nguzo ya tatu na ya nne.

Dereva akauangalia ule mstari, akamuuliza, "Mama, hapa una uhakika?"

"Nina uhakika," akasema Bi Futi.

"Haya. Ukisema wewe, naingia."

Akaingia. Jukwaa likasimama pale. Jumapili watu wakajaa uwanja mzima, meya akahutubia kwa muda wa saa nzima na robo, bendi ikapiga, na watoto wa shule mia mbili na kumi wakapanda jukwaani wakaruka na kupiga miguu kwa mpigo mmoja hadi vyuma vikaitika. Mmoja wao, mstari wa pili, alikuwa binti wa Bi Futi, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake alikuwa chini, anampungia mkono, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alikuwa ametulia.

Sherehe zilipoisha Mkurugenzi akaagiza pachimbwe mbele ya nguzo ya tano, ijulikane moja. Wakachimba urefu wa mtu. Kilichopatikana ni udongo, vigae na soli ya kiatu. Bi Futi akahamishiwa stoo.

Alikaa stoo miezi kumi na tisa, anagawa mifagio na balbu. Ofisini "birika la Bi Futi" likawa jina la kitu chochote kisichokuwepo. Mtu akiuliza ombi lake la likizo limefikia wapi, anajibiwa liko kwenye birika la Bi Futi. Nakiri tulicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wengine. Yeye hakubishana na mtu. Ila kila siku ya kazi, saa ya chakula, tulimwona uwanjani peke yake na sahani mkononi, anatembea kutoka nguzo hadi nguzo, anakula na kugonga sakafu. Alisema daftari lile halikuandikwa na mtu mwongo. Alisema kama birika halipo pale, basi liko mahali, na kitu kisichojulikana kilipo hakimwachi mtu akae.

Sasa tufike kwa mpiga picha. Kwenye kona ile ambapo baraza inagusana na Mahakama pana chumba kirefu cha giza, na mpiga picha wa pasipoti alikuwa akikitumia kama studio. Jumatatu moja Bi Futi alikwenda kupiga picha ya kitambulisho kipya cha kazi. Kulikuwa na watu watatu mbele yake na benchi la kusubiria, na ninyi mnajua uhusiano wake na mabenchi. Akaanza kupima chumba. Alipima kwa ndani, akatoka akapima kwa nje, akarudi ndani. Hesabu zikakataana: ukuta wa upande wa uwanja ulikuwa mnene mahali pamoja na mwembamba mahali pengine, kisha mnene, kisha mwembamba. Akagonga. Mpiga picha, ambaye alizoea wateja wa kila aina, akamwuliza kama anatafuta panya. Bi Futi akaomba ruhusa ya kuinua lile pazia la buluu ambalo watu hupigiwa picha mbele yake.

Nyuma ya pazia lipu ilikuwa imepasuka, na ufa wake haukwenda juu wala chini. Ulipinda. Ulipanda kutoka sakafuni, ukazunguka juu ya kichwa chake, ukashuka upande wa pili. Lilikuwa tao, limezibwa kwa matofali na kupigwa lipu. Pembeni yake palikuwa na jingine.

Mtu fulani, mwaka asioujua mtu, alitaka chumba cha ziada, akaziba matao mawili ya kwanza ya baraza na kuzimeza nguzo zake mbili ukutani. Tangu siku hiyo kila aliyesimama uwanjani na kuhesabu alianzia kwenye nguzo ya tatu akaiita ya kwanza. Nguzo ya tano ya yule msimamizi wa zamani, kwa hesabu yetu ya sasa, ni ya tatu.

Mpiga picha anasimulia kwamba mama yule alihesabu kwa kidole, mara moja, mara mbili, halafu akakaa kwenye kiti cha kupigia picha. Yeye mpiga picha akadhani mama yuko tayari, akapiga. Picha hiyo ndiyo iliyo kwenye kitambulisho chake hadi leo, na kila mlinzi mpya akiiona humwuliza kama alikuwa mgonjwa.

Hakusubiri kusafishiwa picha. Saa moja baadaye alikuwa mbele ya meza ya Mkurugenzi na karatasi moja aliyoiandika kwa mkono akiwa njiani, ameiegemeza ukutani. Nakala yake ninayo. Inasema: "Mahali nilipokataza palikuwa salama. Mahali nilipoelekeza kwa chaki yangu ndipo lilipo birika. Nilihesabu nguzo bila kuthibitisha kuwa zote zinaonekana."

Karani aliyekuwa akipanga barua mle ndani ndiye aliyetusimulia mengine. Mkurugenzi alisoma, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna maneno zaidi, akasoma tena. Akauliza nani mwingine anajua. Bi Futi akamwambia hajui mtu mwingine, hata mpiga picha hajaelewa alichokiona.

"Kwa hiyo ungeweza kunyamaza," akasema Mkurugenzi.

"Ningeweza. Lakini leo ni Jumatatu, na gari la maji la kuoshea uwanja linapita pale kila Jumanne asubuhi."

Mkurugenzi akainuka bila kuchukua koti. Kabla ya saa sita mchana kamba zilikuwa zimefungwa mbele ya nguzo ya tatu na ya nne. Walipochimba, kwa mikono na vijiko vya waashi, mgongo wa kuba ulitokea kwenye kina cha mkono wa mtu mzima. Ulikuwa na ufa unaoingiza kiganja. Chini yake mlikuwa na giza la urefu wa watu watatu waliosimamiana mabegani. Mhandisi aliyeletwa alichungulia kwa taa, akauliza ni mzigo gani mkubwa kabisa uliowahi kuwekwa pale juu. Alipoambiwa, alizima taa yake. Alikwenda kusimama kwenye ngazi za Mahakama, akavuta sigara mbili, moja baada ya nyingine.

Mkurugenzi yule, ambaye sasa amestaafu na atakuwa nasi siku hiyo, alifanya mambo mawili kwa siku moja. Alimwandikia Bi Futi barua ya onyo kwa kutoa maelekezo bila kuyathibitisha, na akamrudisha kwenye meza yake ya upimaji. Bi Futi alisaini vyote viwili kwa kalamu moja. Tulitarajia afurahi, maana birika lilikuwepo kweli na waliomcheka walikuwa na haya. Hakufurahi hata kidogo. Alikuwa anahesabu watoto. Akiwa katikati ya mazungumzo mengine kabisa alikuwa akisema mia mbili na kumi, kisha anatoka nje, anazunguka jengo.

Baada ya wiki mbili akaamua kumtafuta dereva wa winchi. Alizunguka karakana tatu kabla ya kumpata, chini ya mashine yake, anafunga nati. Nilikuwepo; nilikwenda naye kwa sababu sikupenda rangi ya uso wake. Akamweleza yote. Dereva akatoka chini taratibu, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo.

"Niliuliza kama una uhakika," akasema.

"Uliuliza. Nikakwambia ninao. Nilikosea."

"Ningekuwa nimekufa kwa neno lako."

"Ndiyo. Na binti yangu pia."

Dereva hakumtukana wala hakumpa mkono. Alirudi chini ya mashine yake. Njia nzima ya kurudi Bi Futi alitembea kwa kasi iliyonilazimu mimi, kijana wakati ule, kukimbia.

Miezi minane baadaye ukarabati wa kuba ulianza, na mawe mapya yalihitaji kuinuliwa. Ikaja winchi ile ile, dereva yule yule, kofia ile ile. Alifika ukingoni mwa uwanja akazima mashine, akamwambia msimamizi haingii mpaka aje yule mama mwenye futi. Tulidhani anataka kuleta fujo. Bi Futi akaitwa, akaja mbio. Dereva akamwambia kutoka kwenye usukani amwonyeshe pa kupita, na asionyeshe kwa chaki. Basi Bi Futi akatembea mbele ya winchi ile, kinyumenyume, hatua kwa hatua, akikanyaga yeye kwanza kila mahali ambapo gurudumu lingefuata. Ilichukua dakika arobaini kuvuka umbali ambao mtoto huuvuka kwa dakika moja. Ilipofika, dereva akashuka, akampa mkono. Hawajawahi kulizungumza jambo hilo tena, kwa kadiri ninavyojua. Amealikwa na amesema atakuja.

Kutokana na karatasi ile moja ndipo idara ikapata utaratibu ambao wapya huulalamikia: hakuna kipimo kitoke humu kabla mtu wa pili hajakipima upya bila kuona jibu la kwanza. Matao mawili yakazibuliwa, baraza ikarudi kuwa na matao kumi na saba, na mpiga picha akahamishiwa chumba chenye dirisha, ambacho hadi leo anakinung'unikia kwa kuwa na mwanga mwingi. Birika limewekewa ngazi na taa, na wanafunzi hushuka kulitazama. Bi Futi aliendelea. Amepima Nyumba ya Mizani ndani na nje mara saba. Amekiandika Kitabu cha Vipimo vya Uwanja Mkuu, kurasa mia nne na kumi na mbili, ambacho kimetuonyesha kwamba Mahakama imeinama kidogo kuelekea Posta, na kwamba mji wetu umejengwa na watu waliokuwa wanabadilisha mawazo kila baada ya miaka ishirini. Bado anasema upande wa kusini haujui vizuri. Wiki iliyopita alikuwa huko na mvua juu yake.

Hapo nilikuwa nimekusudia kumalizia, na rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliishia hapo. Halafu nikaenda kutafuta mchoro mzuri wa kuweka kwenye jalada la programu hii.

Katika chumba changu cha michoro kuna mrija wa bati wenye mchoro wa kwanza wa baraza, uliochorwa kabla ya ujenzi. Mchoro huo unaonyesha matao kumi na saba. Niliutoa na kuutazama siku kumi na nane kabla ya sherehe ile ya jiji. Niliyahesabu matao, kumi na saba, nikajua kwamba nje yako kumi na matano. Nikajiambia mchoraji alikosea, au fedha ziliwaishia. Sikumwonyesha Bi Futi. Sababu yake naijua vizuri na haina heshima yoyote: kama angeuona angetaka tupime upya uwanja wote, nami nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda nyumbani. Nikaurudisha kwenye mrija, nikanyamaza. Baada ya yote kutokea nikaendelea kunyamaza, na ripoti yake haikunitaja, nikashukuru.

Mrija una kadi ya kuandika kila anayeutoa. Nilipoufungua mwezi huu, saini yangu ilikuwa pale na tarehe yake. Chini yake ilikuwapo saini moja tu nyingine, ya Bi Futi, na tarehe ya siku iliyofuata ile ya mpiga picha. Yaani alijua. Kwa miaka kumi na miwili amenikabidhi ncha ya futi kila asubuhi akijua.

Nilimfuata barazani Jumanne iliyopita, nikamwambia. Maneno hayakutoka kwa mpangilio. Alinisikiliza huku macho yake yakiwa kwenye nguzo.

"Nilidhani utastaafu wewe kabla hujaniambia," akasema.

Nikamwuliza kwa nini hakuniweka kwenye ripoti. Akasema ile ilikuwa ripoti yake, ya kosa lake. Yeye ndiye aliyesema ana uhakika. Langu lilikuwa langu, na hakuona kama ni kazi yake kunifanyia. Nikamwomba radhi. Sitadai hapa kwamba amenisamehe, kwa sababu hakusema. Alichosema ni kwamba niandike, na niweke tarehe.

Nimeandika, na tarehe ni hizo.

Kwa niaba ya idara nzima, ya mafundi waashi, makarani, madereva na walinzi, tunakushukuru, dada, kwa miaka uliyotuzuia tusikae kwa raha juu ya mambo tusiyoyajua. Tunawashukuru shemeji yetu fundi cherehani na watoto kwa kuvumilia mama anayeingia nyumbani na vumbi la karne nyingine. Tunakuombea afya, miguu yenye nguvu na siku nyingi zenye furaha kati ya wajukuu. Na ukituona pale upande wa kusini tunapima, usitupite kwa adabu. Simama, tuulize kama tuna uhakika.